Maji Haya Yana Dawa

Nyie mliobaki kwenye mashine namba mbili mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyoachana na dawa ya zamani, maana wakaguzi wanauliza na hakuna aliyebaki hapo anayeikumbuka habari yenyewe kwa mpangilio. Nitawaandikia, ila hii si ripoti. Vipimo vyote viko kwenye daftari jekundu, kabati la pili, chini ya kofia za Fundi Margwe ambazo hakuna aliyethubutu kuzitupa. Mimi nitaandika yale ambayo hayakuingia daftarini, na hasa habari ya rafiki yangu mmoja niliyemficha jambo kwa miaka. Kila nilipopita nyuma ya kiwanda nilimkumbuka mpaka nikawa napita njia ya mbele, ndefu, kwenye vumbi la magari ya watalii.

Nilifika Karatu nikiwa binti, kutoka Singida, nimemfuata baba aliyekuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Nilichuma kahawa misimu miwili. Msimu wa tatu nikasikia kiwanda cha viriba vya miche kinatafuta watu wa kukunja na kufunga. Viriba nilivijua, maana nilikuwa navijaza udongo kitaluni kutwa nzima, lakini sikuwahi kujiuliza vinatoka wapi. Nadhani niliamini vinafumwa.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka getini, na ndani ya banda kulikuwa na joto la jikoni kwenye sherehe. Katikati ya banda lilisimama puto. Ninyi mmelizoea, lakini jaribuni kuliona kwa macho ya mtu aliyetoka kuchuma kahawa. Plastiki iliyoyeyuka inatoka kwenye mdomo wa mashine ulio duara, inajazwa upepo, inapanda juu karibu na paa, nyembamba, inang'aa, halafu inabanwa kati ya rola mbili na kushuka ikiwa bapa. Nilisimama nikilitazama mpaka mtu akaniuliza kama nimeajiriwa au nimekuja kutalii.

Huyo alikuwa Fundi Margwe, Mwiraqw wa Mbulu, mfupi, mwenye koti la bluu lenye mifuko sita na meno ya kahawia kama wengi waliokulia maji ya huku kwetu. Jina langu hakuliuliza. Aliuliza nimetoka wapi, nikamjibu, na tangu siku ile mpaka alipostaafu aliniita Singida. Alinipeleka kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko, akachota punje kwa kikombe cha bati, akazimimina pamoja na punje za kawaida.

"Hii ni dawa," akaniambia.

"Kwani mashine inaumwa?"

"Magamba."

Nilidhani ananitania. Baadaye aliacha kutia ile dawa makusudi ili nione mwenyewe. Plastiki inapolazimishwa kupita haraka kwenye mdomo mwembamba, inang'ang'ania chuma na kuchanika juu juu, na karatasi ya plastiki inatoka na mikwaruzo kama mgongo wa kenge. Hayo ndiyo magamba. Dawa ilikuwa inakwenda kujipaka kwenye chuma taratibu, saa nzima hivi, na baada ya hapo plastiki inateleza na karatasi inatoka laini. Kikombe kimoja kwa gunia zima. Tuliiheshimu. Fundi alikuwa na desturi ya kugonga kifuniko mara mbili kabla ya kufungua, na mimi nikaiga bila kujua sababu, na nilimwona mmoja wenu akifanya hivyo hivyo wiki niliyoaga. Sababu haipo. Alikuwa anafukuza nyigu, enzi hizo nyigu walikuwa wengi.

Fundi alinifundisha kwa masikio kwanza. Parafujo inayosukuma plastiki ikizidiwa, mota inabadili sauti kabla mshale wa kipimo haujasogea. Alinifundisha pia kwamba mdomo wa mashine haukwanguliwi kwa chuma kamwe, ni shaba tu, kwa sababu shaba ni laini na haiachi alama. Kile kikwangulio chake cha shaba kiko kwenye droo yenu. Kimeisha upande mmoja kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Msikinoe ili kilingane.

Nyuma ya kiwanda, nje ya uzio, alikuja kukaa Mama Naserian. Alikuwa ametoka Endulen baada ya kiangazi kilichomwachia ng'ombe watatu tu, akapewa sehemu na mwenye shamba la jirani, akamleta binti yake Naserian asome shule ya mjini. Saa nne kila siku alituletea chai ya maziwa kwenye birika jeusi. Mimi ndiye niliyekwenda kuipokea pale uzio ulipokuwa na pengo, na kwa namna hiyo tukazoeana. Nilikuwa nasema "Takwenya, yeyo," kwa Kimaasai changu kibovu, naye anajibu "Iko," halafu anacheka, maana nilimwita mama na tulikuwa tunalingana umri. Zuhura wangu alipozaliwa alikuja kumwogesha wiki tatu. Nilipofiwa na baba, alikaa kwangu sebuleni siku nzima bila kusema neno, na hakuna aliyenifaa kumpita.

Alinifundisha kwamba kwa Kimaasai mti na dawa ni neno moja, olchani. Magome yanachemshwa, yanawekwa kwenye supu, yanawekwa kwenye maziwa. Chakula kisicho na kitu ndani yake kwake kilikuwa chakula cha mtu aliye mpweke. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mazungumzo ya chai. Ningelikamata neno lile siku ile, nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Sasa nije kwenye bwawa. Mabaki ya karatasi tulikuwa tunayaosha, tunayayeyusha, tunayapitisha kwenye beseni la maji na kuyakata kuwa punje upya. Maji ya kazi hiyo yalitoka kwa mfereji mpaka kwenye bwawa dogo nyuma ya kiwanda, nje ya uzio. Yalikuwa na rangi ya majivu. Mbuzi walikunywa, watu hawakunywa. Ndoo tupu za dawa tuligawana, nani ataacha ndoo nzuri yenye kifuniko? Nyumbani kwangu zilikuwa mbili, za unga.

Mwaka ule kampuni ilimwajiri mtaalamu wa kemia, Upendo, binti mdogo kutoka Dar es Salaam aliyetembea na mkoba uliojaa karatasi. Alisoma karatasi za usalama za kila ndoo, kazi ambayo sisi sote tulikuwa tumeiacha kwa sababu zilikuwa na maandishi madogo. Akatuita chini ya banda, akatueleza kwamba dawa yetu imetengenezwa kwa florini, na kwamba ndani yake na kwenye masalia yake kuna kemikali zisizooza.

Fundi akafungua mdomo akaonyesha meno yake. Akasema florini anaijua, wameikuta kwenye maji tangu babu zake, imempaka rangi na bado anatafuna mahindi ya kuchoma. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Upendo hakukasirika. Alieleza kwamba ile ya meno ni chumvi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Hii yetu ni nyingine, florini imeikumbatia kaboni kwa nguvu kiasi kwamba jua haliwaachanishi, wadudu wa udongoni hawawaachanishi, kuchemsha hakuwaachanishi. Ikiingia kwenye maji inabaki kwenye maji. Ikiingia mwilini, baadhi yake inakaa miaka. Inadhuru kiasi gani kwa kipimo chetu hakujua, na alisema wazi kwamba hajui. Nilimwamini kwa hilo.

Meneja akaagiza mambo mawili. Upendo atafute dawa isiyo na florini, na wakati huo bwawa liwekewe kibao cha tahadhari. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nikachukua ubao, nikachukua rangi nyekundu, nikaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: MAJI HAYA YANA DAWA. Nikaupigilia mwenyewe kwenye nguzo, nikarudi nyuma hatua chache, nikajisifu.

Ndani ya uzio neno lile lilikuwa na maana moja tu kwetu. Tulikuwa tumesema dawa, dawa, dawa kwa miaka yote ile mpaka tukasahau kwamba watu wengine nao wanalitumia.

Ilipita miezi miwili. Siku moja chai ilikuwa nzito na tamu kuliko kawaida, nikamwambia Mama Naserian kwamba leo amejipita. Akafurahi. Akasema sasa hachoki, zamani alikuwa anatembea mpaka kioski cha maji na kurudi na ndoo kichwani, akifika hata moto hana nguvu ya kuwasha. Nikamuuliza siku hizi anachota wapi.

"Hapo kwenu," akasema. "Si umeandika mwenyewe kwamba yana dawa? Naserian alinisomea. Akasema huu ni mwandiko wa Mama Zuhura."

Kwenye kioski kulikuwa na kibao kama changu. Kilisema maji yametiwa dawa, na watoto shuleni walifundishwa wasinywe mengine. Alikuwa anayaacha yatulie kwenye ndoo mpaka yawe meupe, halafu anachemsha. Alikunywa, Naserian alikunywa, ndama walikunywa, na banda zima la kiwanda lilikuwa linakunywa saa nne kila siku, mimi nikiwa wa kwanza kwa sababu ndiye niliyepokea birika.

Nilishika kikombe mkononi, na hapo nilifanya jambo ninaloliandika kwa aibu. Ilinipasa niseme: nimekosea kuandika, yale maji ni mabaya, na kilichomo hakitoki upesi. Badala yake nikasema bwawa linatengenezwa, asichote tena kuanzia leo, nitamwombea bomba la ndani ya uzio. Akashukuru. Akanishukuru sana.

Nilirudi ndani, nikang'oa kibao, nikamweleza Fundi kila kitu. Alinisikiliza huku akizungusha kikombe chake kitupu. Akauliza swali moja, kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia asichote. Akasema hajauliza hilo.

Kesho yake nilimkuta amefika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Mashine ilikuwa imezimwa, mdomo umefunguliwa, naye amepiga magoti anakwangua kwa shaba ile dawa ya zamani iliyoshikamana na chuma. Mtu yule yule aliyeonyesha meno. Hakutoa hotuba. Aliniambia nilete taa.

Sasa sehemu mliyoiomba. Upendo alileta dawa mpya, isiyo na florini, na siku ya kwanza karatasi ilitoka laini kuliko zote tulizowahi kuona. Siku ya pili vivyo hivyo. Meneja akachinja mbuzi. Siku ya tatu, nyama ikiwa bado imebaki, magamba yakarudi, kwanza kama mistari, baadaye karatasi nzima. Tulikuwa tumejidanganya. Pamoja na kukwangua kote kule, dawa ya zamani ilikuwa imebaki kwenye mikunjo ya ndani ya mdomo, na siku zile mbili ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Kumbukeni hili mnapojaribu chochote kipya: safisheni kwa plastiki tupu mpaka magamba yaonekane kwanza. Ukiyaona magamba ujue sasa mashine iko tupu na unaweza kuanza kuhesabu.

Tukaongeza dawa mpya. Magamba yakaisha, lakini karatasi ikawa na utelezi kama sabuni, na viriba vikakataa kushikana chini. Shamba moja la kahawa lilijaza udongo mzigo mzima na matako ya viriba yakafunguka yote. Msimamizi wao alikuja na kiriba kimoja mkononi, akakiinua mbele ya meneja, udongo ukamwagika kwenye zulia. Meneja akatupa wiki mbili. Zikiisha bila jibu, tunarudi kwenye dawa ya zamani, maana kiwanda bila viriba si kiwanda.

Mimi nilijua tukirudi, mfereji nao utarudi kumwaga dawa bwawani. Sijawahi kufanya kazi vile, kabla wala baada ya hapo. Upendo alipunguza dawa robo kwa robo na kuandika. Fundi alikwenda kinyume na alichonifundisha maisha yote, kwamba mdomo wa mashine haupanuliwi, akaupanua kidogo sana, upana wa ukucha uliokatwa, akaongeza joto pale mwishoni tu, akapunguza kasi ya parafujo. Mimi nilisimama juu kwenye ngazi na mkono kwenye puto, maana magamba unayahisi kwa kidole kabla ya kuyaona. Tukakosa, tukafungua, tukakwangua, tukaanza upya. Siku ya kumi na moja nilipitisha kidole na sikuhisi kitu. Nikapitisha tena. Fundi akauliza kutoka chini, "Singida, vipi huko?" Nikashindwa kujibu kwa sababu nilikuwa nalia, na yeye akadhani nimeungua.

Kasi ile ndogo ndiyo mnayoilalamikia leo. Msiiongeze.

Bwawa lilikaushwa, tope likachotwa na kufungwa kwenye mapipa. Yako kumi na manne kwenye stoo yenye sakafu ya zege, mmeyaona. Mtu akiwauliza yanakwenda wapi, semeni ukweli kwamba bado hajapatikana wa kuyachukua na kuyamaliza. Ndoo za zamani zilizozagaa mitaani nilizikusanya nyumba kwa nyumba, na watu wakaniona mchoyo.

Mama Naserian aliletewa bomba. Chai ikaendelea, lakini mimi sikuwa tena na maneno pale kwenye pengo la uzio. Kila nilipotaka kumweleza niliona uso wake ukinishukuru. Nikaanza kumtuma mwingine akapokee birika. Yeye si mjinga, aliona. Naserian alipomaliza shule, mama yake alihamia Arash kwa kaka zake. Alipita getini kuaga, wakamwambia niko kwenye mashine siwezi kutoka. Hayo ni maneno niliyowaambia wayaseme. Nilimtazama kupitia tundu la ukuta mpaka shuka lake jekundu likapotea nyuma ya lori la vitunguu.

Sijui niwaelezeje nilivyomkosa. Saa nne ikifika, miaka yote hiyo, mwili wangu ulikuwa unaelekea nyuma ya banda wenyewe. Nilitamani kusikia akicheka Kimaasai changu. Nilitamani hata anigombeze.

Fundi alistaafu, na kila tulipokutana sokoni au msibani aliuliza, "Umemwambia?" Hakuuliza habari ya mashine. Mara ya mwisho nilimkuta amelazwa, amekuwa mdogo kitandani. Nilishika mkono ule wa kushoto. Aliuliza, nikamwambia bado. Akageukia ukutani. Tulimzika wiki hiyo hiyo, na kama kuna kitu kimoja ningeomba kirudishwe, si ujana, ni dakika ile, ili nimjibu vingine.

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki na khanga. Asante, khanga ninayo. Kesho yake nilipanda basi la Wasso. Kutwa nzima ya barabara ya vumbi, kupanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu na kushuka upande wa pili kwenye mbuga, nikijipanga maneno na kuyasahau. Nililala kwenye nyumba ya wageni Wasso, asubuhi kijana wa bodaboda akanipeleka Arash, akiuliza nyumba kwa nyumba.

Mama Naserian alikuwa amekaa nje, amevaa miwani, anatunga shanga. Nikasema, "Takwenya, yeyo." Hakucheka. Alijibu "Iko" na kunionyesha kigoda.

Nilimweleza yote, nimetazama chini. Kwamba kibao nilikiandika vibaya. Kwamba bwawa halikuwa linatengenezwa. Kwamba dawa ile si ya kuponya, na kwamba nilijua siku ile ile nikiwa na kikombe chake mkononi. Nilimwomba amweleze daktari akienda hospitali, na amwambie Naserian, ambaye sasa ana watoto wawili.

"Inatoka mwilini?" akauliza.

"Kidogo kidogo. Kwa miaka. Wanasema nyingine haitoki."

Akainuka, akaenda mpaka zizini, akasimama amenipa mgongo kwa muda mrefu. Kijana wa bodaboda alinitazama kama anauliza awashe pikipiki. Niliona ni haki yake asirudi.

Akarudi, akakaa.

"Na wewe ulikunywa?"

"Kila siku. Kikombe kikubwa."

"Na yule mzee wa meno?"

"Na yeye. Amefariki."

Alishika shanga zake bila kuzitunga. Akasema ningemwambia siku ile, angenikasirikia siku ile, tungeendelea na maisha yetu. Sasa nimemletea hasira uzeeni, na hana nguvu ya kuibeba yote kwa mara moja. Alilia, na mimi nililia. Halafu akamgeukia kijana wa bodaboda, akamwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Nenda. Huyu haondoki leo wala kesho, sijamaliza kumkasirikia."

Nilikaa siku tisa.